Ndizi katika Mlo wa Vijana Wanamichezo wa Kitui na Makueni

Ndizi mbivu ya wastani ikishamenywa hubaki na uzito wa gramu 118 hivi. Robo tatu ya uzito huo ni maji. Kinachosalia karibu chote ni wanga, gramu 27, na kati yake gramu 14 ni sukari na 3 ni nyuzinyuzi. Protini ni gramu 1.3 tu, na mafuta hayafiki hata nusu gramu. Nguvu inayopatikana humo ni kilokalori 105. Kisukari, ile ndizi fupi inayopendwa sana na watoto, huweza kuwa na nusu tu ya uzito huo, kwa hiyo mbili huhesabiwa kama moja. Kijana wa kilo 50 hutumia kilokalori zipatazo 50 kwa kila kilomita anayokimbia. Ndizi moja basi inamfikisha kilomita 2, au karibu 3 akitembea kwa miguu, kama wafanyavyo kila asubuhi wanafunzi wengi wa shule za kutwa Kitui na Makueni. Sifa nyingine zote za tunda hili huja baada ya nguvu hiyo. Ndizi ni chakula cha kutia nguvu, na faida yake kwa kijana anayecheza, anayekimbia au anayesaidia kazi ya shamba hutegemea mambo mawili: ameila saa ngapi, na ameila pamoja na nini.

Katika orodha ya madini na vitamini, potasiamu ndiyo iliyoipa ndizi jina. Ndizi moja ya wastani ina miligramu 422. Viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2019 vinamtaka mvulana wa miaka 14 hadi 18 apate miligramu 3,000 kwa siku, na msichana wa umri huo 2,300. Ndizi moja kwa hiyo ni sehemu moja ya saba ya mahitaji ya mvulana, na chini kidogo ya sehemu moja ya tano kwa msichana. Ni mchango mzuri, ila hauna upekee unaosifiwa. Gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa, zile nzuu za kila jiko la Ukambani, zina potasiamu miligramu 384 au zaidi kidogo. Gramu 100 za ndizi zina 358. Nyumba inayokula nzuu na muthokoi mara kadhaa kwa wiki haihitaji kununua ndizi kwa ajili ya potasiamu.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi katika kaunti hizi mbili ni vitamini B6, ambayo haitajwi sana. Ndizi moja hutoa miligramu 0.4 hivi, na kijana anahitaji 1.2 hadi 1.3 kwa siku, yaani theluthi nzima inapatikana ndani ya tunda moja. Vitamini hii ndiyo inayouwezesha mwili kuvunja protini ya chakula na kuijenga upya kuwa misuli, na inahitajika pia katika kutengeneza hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Sasa muthokoi hutokana na mahindi yaliyotwangwa hadi ganda la nje likatoka, na sehemu ya kiini ikaenda nalo. Katika ganda na kiini ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kutwanga kunaufanya mlo uwe laini, na pia kunapunguza zile fitati zinazozuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo mila hii ina faida yake. Hata hivyo kinu huondoa kitu, na ndizi inayoliwa baada ya muthokoi hurudisha sehemu ya kilichoondolewa.

Magnesi katika ndizi moja ni miligramu 32 na vitamini C ni 10. Vilivyobaki ni vichache mno kufaa: chuma miligramu 0.3, kalisi 6, sodiamu 1. Tarakimu hizo tatu za mwisho ni muhimu kuliko zinavyoonekana, na zitarejewa.

Ndizi hubadilika kila siku inayokaa. Ikiwa mbichi, asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake mkavu ni wanga mgumu, na sehemu ya wanga huo hupita katika utumbo mwembamba bila kumeng'enywa. Ikianza kuiva hutoa gesi ya ethilini, vimeng'enya huamka, na siku chache baadaye karibu wanga wote umegeuka kuwa sukari za aina tatu: sukrosi, glukosi na fruktosi. Jumla ya kilokalori haibadiliki sana. Kinachobadilika ni kasi ya nguvu hiyo kufika katika damu. Ndizi yenye ncha za kijani hupandisha sukari ya damu taratibu. Yenye madoa ya kahawia hupandisha haraka zaidi, ingawa bado si kwa kasi ya soda au glukosi ya kukoroga.

Mnunuzi hahitaji kifaa chochote kupima hali hiyo. Ndizi changa huwa na pembe, yaani mistari mitatu hadi mitano inayoonekana wazi na kuhisika kwa kidole kutoka kikonyo hadi ncha. Iliyokomaa shambani huwa imejaa na kuviringika, na pembe zake karibu zimetoweka. Ndizi iliyokatwa mapema na kuivishwa kwa haraka ghalani hupata ganda la manjano safi, lakini pembe hubaki, na ikimenywa kitovu chake kina ugumu na ukakasi wa wanga. Ladha hiyo ni ishara kwamba haifai kuliwa kabla ya mchezo. Wanga ambao haujageuka hufika katika utumbo mpana, huchachushwa na bakteria na kuleta gesi. Bakteria hao wana kazi nzuri kwa afya ya utumbo siku za kawaida, ila kijana aliye mstari wa kuanzia mbio za mita 1,500 hataifurahia gesi yao. Yenye madoa machache ndiyo ya uwanjani. Yenye ncha za kijani ni ya kula jioni nyumbani.

Suala la saa huamuliwa na akiba ya mwili. Misuli ya mtu mzima aliyekula vizuri huhifadhi wanga wa gramu 300 hadi 500 kwa namna ya glikojeni, na ini huhifadhi gramu 80 hadi 100 hivi. Akiba ya kijana mwenye mwili mdogo ni pungufu ya hapo. Ile ya misuli hudumu usiku kucha, lakini ya ini hutumika wakati wa usingizi kuulisha ubongo, na alfajiri imeshuka sana. Mwanafunzi aliyetoka nyumbani na kikombe cha chai, akatembea kilomita 5, anaanza masomo akiwa na ini lililopungukiwa. Ndizi moja au mbili pamoja na uji kabla ya kutoka zina maana kubwa hapo kuliko ndizi hizohizo zikiliwa saa tisa mchana baada ya isyo, yaani mahindi na maharagwe, ya shule.

Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja, mwili uliolishwa vizuri siku iliyotangulia hauhitaji kula njiani. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa bondia kabla ya kuwa mwanariadha, alishinda mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni mjini Newcastle, Uingereza, mwaka 1992 kwa dakika 60 na sekunde 24. Mbio za urefu wa saa moja hukimbiwa kwa akiba iliyowekwa jana na juzi. Kinachoombwa kwa ndizi katika hali hiyo ni kujaza ini tu: tunda moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kuanza, juu ya mlo kamili ulioliwa saa mbili au tatu nyuma. Mpira wa miguu wa dakika 80 au 90 uko mpakani. Wachezaji wa kati, wanaokimbia kuliko wengine, huanza kuishiwa kipindi cha pili, na nusu ndizi wakati wa mapumziko huwafaa zaidi kuliko kipa.

Mahali ambapo ndizi haina mpinzani ni siku ya mashindano ya kaunti ndogo. Timu hupakiwa kwenye basi kabla ya jua kuchomoza, hucheza mechi ya kwanza asubuhi, na zikishinda hucheza ya pili na pengine ya tatu siku hiyohiyo. Katikati kuna saa moja au mbili, kivuli cha mkakaya kama upo, na chakula cha mchana ambacho mara nyingi huchelewa. Misuli iliyotoka kazini hufyonza wanga kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo, na wanasayansi wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa saa, pale tu mchezo mwingine unapokaribia. Kwa kijana wa kilo 50 hizo ni gramu 50 hadi 60, yaani ndizi mbili. Zinaliwa bila maji ya kunawa, bila kijiko na bila moto, na ganda lake limezilinda dhidi ya vumbi la uwanja. Mandazi ya uzioni yana wanga pia, lakini mafuta yake hukaa tumboni muda mrefu. Soda ina sukari ya kutosha, haina potasiamu ya maana wala B6.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 David Nieman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Appalachian State, Marekani, waliwapa waendesha baiskeli 14 mbio za kilomita 75 mara mbili: mara moja wakila ndizi na kunywa maji, mara nyingine wakinywa kinywaji cha michezo chenye wanga wa kiasi hichohicho. Mgao ulikuwa takriban nusu ndizi kila robo saa. Muda wa kumaliza haukutofautiana, na sukari ya damu ilikwenda sawa. Walichokilalamikia waendeshaji ni tumbo kujaa, na si ajabu, maana ndizi mbili kwa saa kwa zaidi ya saa mbili ni mzigo. Kwa shule ya Mwingi au Wote matokeo hayo yana uzito wa kifedha: hakuna sababu ya kutumia bajeti ndogo ya michezo kununua chupa za rangi wakati chane la ndizi linafanya kazi ileile.

Kuhusu misuli kukaza, hata hivyo, imani iliyoenea viwanjani haina msingi. Mchezaji akianguka ameshika mguu hupewa ndizi akiambiwa potasiamu itauachia. Utafiti wa Kevin Miller, uliochapishwa pia mwaka 2012, ulipima damu ya wanaume waliokula ndizi baada ya mazoezi: potasiamu ilipanda kidogo tu, na hata hapo baada ya karibu saa nzima. Mkazo wa msuli huisha ndani ya dakika chache kwa kuunyoosha. Ndizi haikuwa imefika hata nusu ya safari.

Zaidi ya hayo, jasho halipotezi potasiamu nyingi. Lita moja hubeba miligramu 200 hivi za potasiamu, lakini sodiamu huweza kufika gramu 1, mara nyingine zaidi. Kibwezi, Mutomo au Mtito Andei, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa urahisi, kijana anayefanya mazoezi kwa bidii huweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Ndizi moja inarudisha potasiamu ya lita mbili za jasho hilo, lakini sodiamu yake ni miligramu 1. Anayekula ndizi na kunywa maji matupu siku nzima kwenye joto amerudisha maji na sukari, bado chumvi. Dawa yake ni rahisi: isyo yenye chumvi ya kawaida, yai la kuchemsha lililochovywa kwenye chumvi, au chumvi kidogo ndani ya uji.

Upungufu mkubwa zaidi wa ndizi ni katika ujenzi wa mwili, na hapa Kitui ina historia isiyopaswa kupuuzwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika kaunti hiyo walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kabisa nchini sawia na Pokot Magharibi, wakati wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 26. Kufikia utafiti wa 2022 wastani wa taifa ulikuwa umeshuka hadi 18. Lakini watoto waliopimwa mwaka 2014 hawakubaki watoto. Ndio wanaojaza madarasa na viwanja vya leo. Ujana ni kipindi cha pili cha kurefuka kwa kasi, na mwili unaokua huku ukifanya mazoezi unadai protini, zinki, chuma na kalisi kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote baada ya utoto. Kumshibisha kijana huyo kwa ndizi ni kumpa mafuta ya gari bila vipuri.

Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji chuma miligramu 15 kwa siku, na mvulana 11. Msichana huyo angelazimika kula ndizi 50 kupata kiasi hicho. Anayekimbia au kucheza voliboli na huku hedhi imeanza yuko katika hatari ya upungufu wa damu, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni uchovu ambao kocha huuita uvivu. Makocha wengi wangefanya haki kumpeleka msichana wa aina hiyo zahanati akapimwe damu kabla ya kumwongezea mizunguko ya uwanja.

Vyakula vya kujaza pengo hilo vimo Ukambani, na hapa ndipo ndizi inapata maana yake kamili. Gramu 100 za ndengu zilizochemshwa zina protini gramu 7 na chuma miligramu 1.4. Mbaazi hukaribia hapo, na kunde pia. Kitui na Makueni ni ngome ya mazao haya, na serikali ya Kaunti ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu iliendesha kampeni kubwa ya kupanua kilimo cha ndengu. Nia yake ilikuwa kipato, na kipato kinahitajika. Ila gunia linalouzwa lote baada ya mavuno halimlishi kijana wa nyumba hiyo. Madebe machache yakibakizwa, B6 ya ndizi itakuwa na protini ya kufanyia kazi. Mlo wa jioni baada ya mazoezi unaweza kuwa ndengu za rojo kwa chapati au wali, na ndizi mbivu baadaye. Ndizi za kupika zikipondwapondwa na mbaazi hutoa kitu kilekile katika sufuria moja, na zikichemshwa kwa maji machache yanayobaki kuwa mchuzi, potasiamu haimwagwi. Chai ingefaa kusubiri saa moja, kwa kuwa tanini zake hushika chuma cha mimea na kukizuia.

Vitamini C hufanya kinyume cha chai: huongeza kiasi cha chuma kinachofyonzwa. Katika kazi hiyo ndizi ni msaidizi dhaifu. Embe lina miligramu 36 kwa kila gramu 100, chungwa 53, papai karibu 60, na ndizi chini ya 9. Makueni ni kaunti ya maembe na machungwa, na kiwanda cha Kalamba kilijengwa mahsusi kwa ajili ya kusindika embe. Kuanzia Desemba hadi Machi, maembe yanapooza chini ya miti, hakuna sababu ya kumtafutia kijana ndizi ya kula na ndengu. Embe linampa vitamini C na karotini ya kutengenezea vitamini A, kitu ambacho ndizi haina cha kutosha. Mabuyu ya Kibwezi na Kitui Kusini nayo yana vitamini C kwa wingi pamoja na kalisi. Ndizi hushinda kwa kupatikana mwaka mzima, na kwa wanga wake, ambao kwa uzito uleule hupita ule wa embe kwa nusu hivi.

Kwa watu wachache ndizi huhitaji tahadhari. Mwenye ugonjwa wa figo huweza kudhurika kwa potasiamu nyingi na anapaswa kufuata ushauri wa daktari. Kijana mwenye ugonjwa wa kisukari anaweza kuila, akihesabu gramu za wanga na kupendelea ile isiyoiva kupita kiasi. Madai kwamba ndizi huleta mafua au haifai usiku hayana ushahidi.

Upatikanaji wa ndizi haulingani kila mahali. Mgomba hudai maji mengi, milimita 25 hivi kila wiki, na sehemu kubwa ya kaunti hizi hupata misimu miwili mifupi ya mvua, ule wa Oktoba hadi Desemba ukiwa ndio wa kutegemewa zaidi. Migomba hustawi katika mabonde ya vilima vya Mbooni na Kilungu, na kwenye mashamba ya Kibwezi yanayomwagiliwa kwa maji ya chemchemi zitokazo milima ya Chyulu. Kwingineko masoko hujazwa na mikungu kutoka upande wa Mlima Kenya, na ndizi ikisafiri hadi Zombe au Kyuso bei yake imebeba nauli. Kitui ina jibu lake la sehemu: mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL limekuwa likijenga na wanavijiji tangu miaka ya 1990. Mchanga huhifadhi maji ya mto wa msimu chini ya uso wake, mbali na jua, na kingo zake hubaki na unyevu wa kutosha kulea migomba michache miezi ambayo mto umekauka.

Shule isiyo na mto ina maji ya jikoni na ya kunawia mikono. Shimo la futi 3 kwa 3, kina cha futi 2, likijazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi na kuachwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, hukusanya maji hayo pamoja na ya mvua. Miche ya tishu, ambayo wakulima wa Kenya wamekuwa wakiitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huanza safari ikiwa haina fukusi wala minyoo ya mizizi, na aina za Cavendish hustahimili mnyauko wa Panama kuliko kisukari. Matandazo ya nyasi huzunguka shina bila kuligusa. Ikipandwa mvua za Oktoba zinapoanza, migomba hiyo huvunwa mwaka mmoja au zaidi kidogo baadaye. Shina huachiwa machipukizi mawili ya umri tofauti na mengine hung'olewa, ili mkungu mmoja ukikatwa mwingine uwe njiani.